Vimondo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu "nyota zinazoanguka"

Mtu akikaa nje usiku wa anga safi, mbali na taa, hachukui muda mrefu kabla ya kuona mstari wa mwanga ukipita ghafla na kutoweka hata kabla hajamwonyesha mwenzake. Maswali yanayofuata hapo hufanana kila mahali. Mengine yanajibika kwa sentensi mbili, mengine yana mambo mengi ndani yake, kwa hiyo majibu hapa chini hayalingani kwa urefu.

Je, ni nyota kweli inayoanguka?

Hapana. Nyota ni jua lililo mbali. Jua letu lina kipenyo cha kilomita milioni 1.39, na nyota inayolifuata kwa ukaribu iko umbali wa zaidi ya miaka 4 ya nuru. Kitu cha ukubwa huo hakiwezi kupita juu ya paa kwa nusu sekunde kisha maisha yakaendelea. Mwenye shaka azishike vizuri nyota za kundinyota moja, asubiri mstari upite, kisha azihesabu tena: hakuna hata moja itakayokuwa imepungua.

Unachokiona ni chembe ya vumbi au kijiwe kilichokuwa kikilizunguka Jua kivyake mpaka njia yake ikakutana na ya Dunia. Kinapoingia katika angahewa kwa mwendo mkali hutoa mwanga, na mwanga huo ndio kimondo. Hutokea zaidi kati ya kilomita 80 na 120 kutoka ardhini. Ndege za abiria huruka kwenye kilomita 10 hadi 12 tu, kwa hiyo hata kimondo kinachoonekana kama kimeangukia nyuma ya mlima ule pale kwa kawaida kilizimika mbali mno na mlima huo.

Kijiwe chenyewe kina ukubwa gani?

Hili ndilo jibu ambalo watu hulikataa kwanza. Vimondo vingi vinavyoonekana kwa macho hutokana na kitu cha ukubwa wa punje ya mchanga hadi kokoto ndogo, mara nyingi chenye uzito usiofika gramu moja. Kinachokifanya kionekane kutoka zaidi ya kilomita 100 ni mwendo wake.

Nishati ya kitu kinachokwenda hukua kwa mraba wa mwendo wake. Ongeza mwendo mara elfu moja, nishati itaongezeka mara milioni moja. Basi gramu moja inayokwenda kilomita 59 kwa sekunde ina nishati sawa na gari la tani moja linalokimbia mita 59 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 200 kwa saa. Nishati yote hiyo humalizika katika muda unaotosha kupepesa jicho mara moja au mbili. Ukilielewa hili, karibu maswali mengine yote kuhusu vimondo yanakuwa mepesi.

Kwa nini vinakwenda kasi hivyo?

Mwendo wa kuingia ni kati ya kilomita 11 na 72 kwa sekunde, na mipaka hiyo miwili ina sababu zake. Ule wa chini unatokana na Dunia yenyewe: kitu kinachotoka mbali, hata kama kilikuwa kinajikokota, mvutano wa Dunia utakiongezea kasi hadi kilomita 11 hivi kwa sekunde. Ule wa juu unatokana na Jua. Kitu kilicho katika miliki ya Jua, kikiwa umbali wetu, hakiwezi kuzidi kilomita 42 kwa sekunde bila kutoroka moja kwa moja. Dunia nayo inakwenda kilomita 30 kwa sekunde katika njia yake. Vikigongana uso kwa uso, jumla ni 72.

Mwanga unatokana na nini hasa? Si msuguano?

"Msuguano" ndilo jibu la haraka, na kwa maoni yangu linapotosha, kwa sababu humfanya mtu afikirie mikono inayosuguana. Kwenye kilomita 100 hewa ni nyembamba mno. Kinachotokea ni kwamba molekuli za hewa zinaipiga chembe moja moja kwa nguvu kubwa sana, uso wake unapata joto la maelfu ya nyuzi, unayeyuka na kugeuka mvuke. Atomi zinazotoka humo zinagongana na hewa iliyo karibu, elektroni zake zinasukumwa hadi ngazi ya juu ya nishati, na zinaporudi chini zinatoa nuru. Kwa mawe makubwa yanayoshuka hadi kwenye hewa nzito zaidi kuna jambo la ziada: hewa iliyo mbele ya jiwe haina muda wa kupisha, hivyo inabanwa na kupata joto kali.

Hakuna kuungua hapo kwa maana ya moto wa kuni. Mstari unaouona ni gesi iliyosisimka, mrefu kilomita nyingi, ilhali kilichouchora ni kijipunje. Mara nyingine gesi hiyo hubaki ikimeremeta kwa sekunde kadhaa baada ya kimondo kuzimika, na kwa vile vikubwa mkia huo unaweza kudumu dakika nyingi huku upepo wa juu ukiukunja.

Mbona vingine ni vya kijani au vya machungwa?

Kila elementi ina rangi zake. Magnesiamu na nikeli huelekea kijani, sodiamu hutoa njano ya machungwa, chuma njano, kalsiamu zambarau, na hewa yenyewe, yaani oksijeni na naitrojeni, huchangia wekundu. Mwendo pia una nafasi yake, maana ndio unaoamua ni kipi kitasisimka zaidi. Vimondo hafifu huonekana vyeupe kwa sababu jicho la binadamu halitambui rangi vizuri gizani.

Vumbi hilo linatoka wapi?

Sehemu kubwa hutoka kwenye nyota mkia, au kometi. Kometi ni donge la barafu lililochanganyika na vumbi na mawe. Linapolikaribia Jua, barafu hugeuka mvuke bila kupitia maji, na mvuke huo hubeba vumbi kutoka nalo. Vumbi haliendi popote pengine: linabaki katika njia karibu ile ile ya kometi, likitangulia kidogo au likichelewa kidogo, na baada ya mizunguko mingi linasambaa kuwa mkondo unaolizunguka Jua. Dunia inapoukata mkondo huo tunapata mvua ya vimondo.

Chanzo cha pili ni asteroidi, yale mawe makubwa na madogo ambayo mengi yanalizunguka Jua kati ya Mirihi na Mshtarii. Zinapogongana hutoa vipande, na baadhi, kwa kuvutwavutwa na Mshtarii, huishia katika njia zinazokutana na yetu. Mawe mengi yanayofika ardhini yanatoka huko.

Mpaka kati ya vyanzo hivyo viwili hauko wazi kama vitabu vya zamani vilivyodhani. Mvua ya vimondo ya Geminidi, ambayo ni miongoni mwa zile nzito kuliko zote za mwaka, mama yake ni Phaethon, kitu kilichogunduliwa mwaka 1983 na setilaiti ya IRAS. Kinaonekana kama asteroidi, hakina mkia wa maana, lakini kila mwaka mmoja na miezi mitano hivi kinapita karibu mno na Jua, ndani kabisa ya njia ya Utaridi. Jinsi kilivyomwaga vumbi lote hilo bado ni mjadala kati ya wanaastronomia.

Uhusiano huo na kometi ulijulikanaje?

Kwa muda mrefu wasomi wa Ulaya walidhani vimondo ni jambo la hali ya hewa kama radi, na wakulima waliosema mawe yameanguka kutoka angani walichekwa. Mwaka 1794 Mjerumani Ernst Chladni alichapisha hoja kwamba mawe hayo yanatoka nje ya Dunia, naye akachekwa. Mwaka 1798 wanafunzi wawili wa chuo kikuu cha Göttingen, Ujerumani, Brandes na Benzenberg, walisimama mahali tofauti, wakavitazama vimondo vile vile na kupima pembe. Hesabu yao ikaonyesha kwamba vinawaka makumi ya kilomita juu, mbali kuliko radi yoyote. Kisha tarehe 26 Aprili 1803 mawe zaidi ya elfu mbili yaliangukia L'Aigle nchini Ufaransa mchana kweupe. Mwanafizikia Jean-Baptiste Biot alitumwa kuchunguza, na baada ya ripoti yake ubishi ulipoa.

Kometi ziliingia baadaye. Usiku wa 12 kuamkia 13 Novemba 1833, vimondo vya Leonidi vilinyesha juu ya Amerika Kaskazini kwa makumi ya maelfu kwa saa, na wengi walidhani ni siku ya mwisho. Denison Olmsted wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, alikusanya taarifa za walioona, akagundua kwamba vyote vilionekana kuchomoza sehemu moja ya kundinyota la Simba. Mwaka 1866 Mwitaliano Giovanni Schiaparelli akaonyesha kwamba njia ya Perseidi, mvua ya vimondo ya kila Agosti, ni ile ile ya kometi Swift–Tuttle, iliyokuwa imegunduliwa mwaka 1862.

Mvua kubwa za vimondo ni lini?

Tarehe hazibadiliki sana, kwa kuwa Dunia hurudi mahali pale pale kila mwaka. Kwadrantidi ni karibu 3 au 4 Januari, nazo kilele chake ni cha saa chache tu. Liridi ni karibu 22 Aprili. Kumbukumbu za China zinazitaja tangu mwaka 687 kabla ya Kristo. Eta Akwaridi huja mapema Mei na Orionidi karibu 21 Oktoba, na zote mbili ni vumbi la kometi Halley, ambayo ilipita mara ya mwisho mwaka 1986 na itarudi 2061. Kwa hiyo hata asiyejaaliwa kuiona Halley anaweza kuona makombo yake mara mbili kwa mwaka.

Perseidi hufika kilele 12 au 13 Agosti, Leonidi 17 Novemba hivi, Geminidi 13 au 14 Desemba. Kama ni usiku mmoja tu wa kukesha, mimi ningechagua Geminidi. Vimondo vyake vinakwenda kilomita 35 kwa sekunde, karibu nusu ya mwendo wa Leonidi, kwa hiyo jicho linapata nafasi ya kuvifuata. Tena vinaanza kuonekana mapema usiku na vinaonekana pande zote mbili za ikweta. Perseidi zina sifa zaidi kwa sababu huja wakati wa kiangazi cha kaskazini, lakini kadiri unavyokwenda kusini ndivyo zinavyopungua. Eta Akwaridi ni kinyume: watu wa kusini ndio wanaozifaidi.

Kwa nini zote huonekana kutoka sehemu moja ya anga?

Chembe za mkondo mmoja zinasafiri sambamba, na mistari sambamba ikitazamwa kwa mbali huonekana kukutana. Sehemu hiyo ya makutano ndiyo inayoipa mvua jina lake. Hakuna uhusiano na nyota zilizo nyuma yake.

Saa gani ni nzuri kutazama?

Baada ya saa sita usiku hadi karibu na alfajiri. Jioni tunakuwa upande wa nyuma wa Dunia kwa jinsi inavyosafiri, hivyo vumbi linalotufikia ni lile tu lenye kasi ya kutukimbilia. Baada ya usiku wa manane tunahamia upande wa mbele, unaoyapokea yote yaliyo njiani.

Nahitaji darubini?

Hapana, itakuharibia, maana inabana eneo la kutazama. Lala chali, tazama eneo kubwa la anga, na yape macho dakika 20 hadi 30 kuzoea giza. Simu ikae mfukoni. Kuiangalia mara moja kunakurudisha mwanzo. Angalia pia kalenda ya Mwezi, kwa sababu Mwezi mpevu hufuta vimondo vingi.

Habari zilisema vimondo 100 kwa saa. Nimeona tisa. Nilikosea wapi?

Hukukosea. Takwimu hiyo ni ya hali bora kabisa: anga jeusi kikamilifu, na kitovu cha mvua, yaani ile sehemu ya anga ambako vimondo huonekana kuchomoza, kikiwa utosini. Kitovu kikiwa chini, karibu na upeo wa macho, idadi hupungua sana, na ukungu mwepesi au taa za mtaa huondoa vile hafifu ambavyo ndivyo vingi. Waandishi wa habari wangetenda haki wakilisema hilo katika sentensi ya kwanza. Tena vimondo havipangi foleni. Unaweza kukaa dakika 15 bila kitu, kisha vitatu vikaja ndani ya dakika moja.

Nitatofautishaje na setilaiti au mabaki ya roketi?

Kimondo cha kawaida hakifiki sekunde mbili. Setilaiti hupita taratibu kwa dakika kadhaa, bila mkia. Mabaki ya roketi au setilaiti yanayorudi duniani huingia kwa kilomita 8 hivi kwa sekunde, polepole kuliko kimondo chochote, kwa hiyo huonekana kama msafara wa taa zinazomeguka ukivuka anga kwa nusu dakika au zaidi. Video nyingi zinazosambaa mitandaoni kama "kimondo kikubwa" ni za aina hii.

Vimondo vina sauti?

Vidogo havina ya kusikika. Vikubwa vinavyoshuka chini huleta mlio kama wa mzinga, lakini baada ya muda: sauti kutoka kilomita 90 huchukua karibu dakika 5 kufika.

Vimondo hutokea mchana pia?

Ndiyo, muda wote, ila mwanga wa Jua unavificha. Mkia wa kimondo una chembe zenye umeme zinazorudisha mawimbi ya redio, na kwa njia hiyo rada za Jodrell Bank nchini Uingereza ziligundua mwaka 1947 mvua nzito za vimondo vya mchana. Hata leo wapenda redio hutega masafa ya kituo kilicho mbali mno kusikika. Kimondo kinapopita katikati, kituo hicho husikika kwa sekunde moja kisha kinapotea.

Kuna vinavyofika ardhini?

Vichache. Mvua za vimondo zinazojulikana hazijawahi kuthibitika kuangusha jiwe, kwani vumbi la kometi ni jepesi na dhaifu. Linalofika kwa kawaida ni pande la asteroidi lililoanza likiwa kubwa zaidi. Yaliyo mengi ni ya mawe. Asilimia 5 hivi ni ya chuma na nikeli. Kubwa kuliko yote yanayojulikana ni Hoba, nchini Namibia, takriban tani 60, lililopatikana mwaka 1920 na ambalo halijawahi kuhamishwa. Kimondo cha Mbozi nchini Tanzania nacho ni cha chuma na kina uzito wa zaidi ya tani 10.

Watu hudhani jiwe hufika likiwa jekundu kwa moto. Si hivyo. Mwendo wake wa angani huisha likiwa bado kilomita 15 au 20 juu, mwanga unazimika, na safari iliyobaki linaanguka kama jiwe lolote lililodondoshwa, likipita katika hewa baridi. Joto lilikuwa limeshika ganda la nje tu, nalo limeshaondoka.

Ni hatari?

Kwa mtu mmoja mmoja, karibu hapana. Tarehe 30 Novemba 1954, huko Sylacauga, Alabama, jiwe la karibu kilo 4 lilitoboa paa, likagonga redio na kumchubua mwanamke aliyekuwa amelala kwenye kochi. Tukio hilo linasimuliwa hadi leo kwa sababu ni nadra hivyo.

Makubwa ni habari nyingine. Tarehe 30 Juni 1908 mlipuko wa angani huko Tunguska, Siberia, uliangusha miti katika eneo la zaidi ya kilomita za mraba 2,000. Tarehe 15 Februari 2013 jiwe la mita 20 hivi lililipuka takriban kilomita 30 juu ya eneo la Chelyabinsk, Urusi. Watu karibu 1,500 walijeruhiwa, wengi kwa vioo: waliona mwanga, wakakimbilia madirishani kutazama, na wimbi la mlipuko likafika dakika chache baadaye. Ukiona mwanga unaoshindana na Jua, kaa mbali na dirisha.

Vinaweza kuonekana kabla havijafika?

Vumbi haliwezi kuonekana. Jiwe la mita chache, mara chache. Mwezi Oktoba 2008 asteroidi 2008 TC3, yenye upana wa mita 4 hivi, iligunduliwa chini ya saa 24 kabla ya kugonga. Wanaastronomia walikokotoa kwamba ingeingia juu ya jangwa la Nubia nchini Sudan, na ikaingia pale pale. Baadaye wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Khartoum walitembea jangwani kwa mstari mpana, wakaokota vipande vyeusi juu ya mchanga. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kushika mkononi asteroidi iliyokuwa imeonekana angani kabla ya kuanguka.

Vumbi linaloyeyuka juu linaishia wapi?

Dunia hupokea makumi ya tani za vumbi la angani kila siku kwa makadirio ya kawaida. Atomi za sodiamu kutoka humo hukusanyika kuwa tabaka kwenye kilomita 90 hivi, na wanaastronomia hulipiga kwa leza ili kutengeneza "nyota" ya bandia ya kurekebishia darubini zao. Moshi wa vimondo pia husaidia fuwele za barafu kujijenga katika mawingu yale ya buluu yanayong'aa usiku karibu na ncha za Dunia. Chembe ndogo zaidi hupunguza mwendo bila kuyeyuka kabisa na kutua polepole. Zimepatikana hata katika takataka za kwenye paa za majengo ya mijini.

Nimeokota jiwe jeusi na zito. Ni la angani?

Uwezekano mkubwa ni hapana. Mabaki ya kuyeyushia chuma viwandani huwadanganya wengi. Kama lina matundu mengi kama ya povu, liache. Jiwe la kweli huwa zito kuliko ukubwa wake, lina ganda jembamba jeusi, wakati mwingine vibonyeo kama vya kidole gumba, na ndani yake mara nyingi huonekana vipunje vya metali vinavyong'aa. Mengi huvutwa na sumaku, lakini tumia sumaku ndogo iliyoning'inizwa kwa uzi, usilisugue kwa sumaku kali: mawe haya hubeba kumbukumbu ya usumaku ya miaka bilioni 4.5, na sumaku kali huifuta. Usilioshe, usilikate. Andika mahali na tarehe uliyoliokota, lipige picha likiwa bado chini, kisha lipeleke idara ya jiolojia ya chuo kikuu au makumbusho. Nchi nyingi zina sheria kuhusu ni nani mwenye jiwe la namna hiyo, kwa hiyo uliza hilo kabla ya kuzungumza na mnunuzi.